Mgongo Unaojulikana Mji Mzima

Katika mji ule hapakuwa na mgongo uliojulikana kama wa Bi Masikio. Ulikuwa benki, juu ya vichwa vya makarani. Ulikuwa ofisini kwa mkuu wa shule ya wasichana, ulikuwa kwenye ukumbi wa mahakama, na ulikuwa hata katika duka la majeneza, ambako mwenye duka alisema hakuna picha inayowafaa zaidi watu walioipa dunia kisogo. Kila mahali ulikuwa ni ule ule: mwanamke kasimama, mtungi kichwani, kitambaa cha maua kimefungwa kifuani, bega moja wazi lenye baka dogo jeusi, na mbele yake mto na jua linalozama. Uso wake hakuna aliyeujua. Mwenye mgongo alipita mitaani na kikapu chake cha mboga na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Siku hasira zake zilipoanza alikuwa kwa daktari wa meno. Shavu lilikuwa limevimba, jicho la upande huo limebaki mstari, na amekaa kwenye benchi chini ya mgongo wake mwenyewe, katika picha ya rangi iliyopewa jina la "Uvumilivu". Mzee mmoja aliyekuja kung'olewa jino aliitazama picha, akamtazama Bi Masikio, akairudia picha. Akamwambia jirani yake kwamba wanawake wa namna ile hawazaliwi tena. Tazama utulivu, alisema, tazama heshima, mtu ana mzigo kichwani na hata hanung'uniki. Kisha akamgeukia Bi Masikio, akamwomba kwa adabu zote asogee kidogo, maana alikuwa anaiziba picha.

Bi Masikio akasogea. Angesema nini, na shavu lile? Lakini moyoni alichemka, na aliporudi nyumbani na jino likiwa kwenye karatasi, hasira ilikuwa bado ipo, tena imepata nafasi zaidi ya kukaa.

Jina la Masikio lilimpata kazini. Alikuwa na kibanda cha picha za paspoti karibu na ofisi za serikali: stuli moja, shuka jeupe ukutani, taa mbili, na kioo kidogo cha wateja kujiweka sawa. Picha za paspoti zina masharti yake, na Bi Masikio aliyasimamia kuliko serikali yenyewe. Tazama kamera. Usicheke, usinune. Masikio yaonekane. Alishamwamuru hakimu avue kofia, na alishambandulia bibi harusi nywele za bandia upande mmoja huku bwana harusi akishuhudia kwa mara ya kwanza ukubwa wa sikio alilolioa. Yeye mwenyewe aliolewa zamani, akaachika, na alipoulizwa kama hakosi chochote alisema anakosa mkoromo, lakini kuna mbwa wa jirani.

Mgongo wake uliingiaje benki? Kwa mlango wa shemeji. Mume wa dada yake alikuwa mchoraji, mtu mpole mwenye ndevu zenye rangi kila rangi ila ya ndevu. Hakuweza kuchora mtu aliye hai mbele yake kwa sababu, alisema, watu walio hai wanatikisika. Kwa hiyo alichora kwa kutazama picha za kamera. Mwanzoni alitaka kumchora mke wake. Lakini dada hakuweza kusimama bila kusema, wala hakuweza kusema bila kumgeukia anayemsemesha, na kila picha ilitoka na pua tatu. Ndipo shemeji alipokuja kibandani, akamwomba Bi Masikio asimame dakika moja tu mbele ya shuka, mgongo huku. Mlango ulikuwa wazi, wateja wanaingia na kutoka, blauzi amevaa na bega moja tu amelishusha. Hapakuwa na la kuficha. Aliyeleta la kuficha ni shemeji mwenyewe, alipomsihi asimwambie dada.

"Unamjua dada yako," alisema. "Kwa nini tumuumize moyo bure?"

Mtungi wa kuazima ulivunjika kabla ya picha ya kwanza kupigwa, kwa kuwa Bi Masikio alizaliwa mjini, bomba liko uani, na kichwani mwake hakikuwahi kukaa kitu kizito kuliko kofia ya kuogea. Shemeji akaenda nyumbani akarudi na ndoo ya plastiki ya buluu. Ndoo hiyo ndiyo iliyopanda kichwani miaka yote. Shemeji aliigeuza mtungi kwa brashi, kama alivyougeuza ukuta kuwa mto na taa ya upande wa kushoto kuwa jua. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa hata mtungi wenyewe haukuwepo.

Sasa dada. Dada alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke wa kuita bweni zima kula bila kengele. Sebuleni kwake kulitundikwa picha ya "Haya", kubwa kuliko zote, na hakuna mgeni aliyemaliza kikombe cha chai pale bila kuelezwa.

"Huo mgongo ni wangu," dada alisema. "Siku hizi umejaza kidogo, lakini mwenye mali ni mimi."

Aliamini. Alikumbuka kusimama mbele ya kamera zamani, na mume wake hakumwambia kuwa zile picha zilitupwa. Mgeni mmoja mdadisi aliwahi kuuliza lile baka la begani limekwenda wapi. Dada hakubabaika. Alisema lilifutika alipojifungua mtoto wa pili. Bi Masikio alikuwepo siku hiyo, kikombe mkononi, baka lake limelala salama chini ya blauzi, akatikisa kichwa kuafiki kwamba ndiyo, uzazi una mambo.

Msimlaumu. Dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule akawa mama akiwa bado msichana, akamsuka nywele, akampigania mitaani kwa ngumi na mwiko, akamsomesha yeye. Ukimnyima mtu kama huyo mgongo tu, utalala usingizi gani? Bi Masikio alinyamaza kwa mapenzi, na miaka ikapita kwa mapenzi hayo hayo.

Basi wiki ile ya jino, shemeji alikuja kibandani na habari kubwa. Maktaba ya mji ilikuwa imejenga ukumbi mpya na ingeufungua kwa maonyesho ya picha zake, yaitwayo "Mwanamke Wetu". Alihitaji picha moja mpya, kubwa, ya ukuta wa mbele. Alikwisha kuipatia jina: "Subira". Bi Masikio alishika ndoo, akaiweka chini tena.

"Shemeji, leo nigeuke," alisema.

"Ugeuke wapi?"

"Nitazame kamera. Uso ninao."

Shemeji alicheka kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini samaki havai viatu. "Ukigeuka, picha imekufa. Mwanamke mwenye uso ni mtu fulani. Watu wanataka mwanamke, shemeji, hawamtaki mtu fulani."

Bi Masikio alimpa mgongo wake kwa mara ya mwisho, shemeji akapiga picha, akaondoka akipiga mluzi. Lakini lile neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu fulani. Kazi yake yote ilikuwa nini basi? Tangu asubuhi hadi jioni watu waliingia kwenye kibanda kile ili watoke wakiwa mtu fulani, kwa sababu mpakani hakuna anayemruhusu mwanamke apite, wanamruhusu mtu fulani mwenye uso huu na masikio haya. Na yeye aliyewapa mji mzima nyuso hakuwa na picha yake hata moja ya mbele. Ya kitambulisho tu, na hiyo alipigwa na kijana aliyejifunza kazi kwake, siku ya mvua, akatoka kama anatafutwa.

Mchana huo alifunga mlango, akabandika karatasi ya "Narudi sasa hivi", akaiweka kamera kwenye miguu yake mitatu na kuitega ijipige yenyewe. Kamera ile ilikuwa na kitaa chekundu kinachokonyeza mara kumi kabla ya kupiga. Kukonyeza mara kumi ni kwingi ukiwa umekaa. Ukiwa na umri wa kuanza kupaka dawa magotini, na inabidi ubonyeze, ukimbie, ujifunge kitambaa, upandishe ndoo na ugeuke, ni kama hakuna. Picha ya kwanza ilitoka ikiwa na ndoo peke yake. Ya pili ilikuwa ya kisigino. Katika ya tatu alikuwemo mzima, ila ndoo ilikuwa imemshuka hadi mabegani kama kofia ya askari wa zamani, na hakuna uso uliofichika kuliko ule.

Alikaa chini akacheka peke yake mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha maua. Halafu akapiga moyo konde, akaanza upya, na safari hii alifanya anavyojua yeye. Tazama kamera. Masikio yaonekane.

Alizichukua picha za shemeji moja moja, kwa majina yao, akazigeuza. "Uvumilivu" aliipiga shavu likiwa bado limevimba, jicho moja mstari, ndoo kichwani, na jicho zima likimwuliza anayetazama kama ana swali. "Haya" aliipiga akicheka mdomo wazi, pengo jipya mbele ya watu wote. Katika "Subira" alisimama vile vile alivyosimama kwa shemeji, bega wazi, baka lake, ndoo yake, ila amevua kiatu kimoja kwa sababu kinabana, na anaitazama saa ya mkononi kwa uso wa mtu ambaye ameambiwa arudi kesho mara nne. Alipoziona alishtuka. Hakuwa mzuri kama mgongo wake. Lakini alikuwepo, na alijipenda, na jambo hilo lilimshangaza mwenyewe.

Siri ya kibandani haikai, kwa kuwa kibanda ni kidogo. Mkutubi wa maktaba, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, alikuja kupiga picha ya paspoti na akaziona zikikauka kwenye uzi. Alizitazama moja baada ya nyingine. Kisha akacheka, akakohoa, akaomba msamaha, akacheka tena. Alisema ukumbi mpya una kuta mbili ndefu zinazotazamana, na shemeji amejaza mmoja tu. Hakuomba jibu siku hiyo. Alisema tu kwamba angeacha misumari ukutani.

Hapo ndipo Bi Masikio alipokosa raha. Kwa shemeji hakuwa na wasiwasi, shemeji ajitetee mwenyewe na ndevu zake. Lakini zikitundikwa, kila mwenye macho angeliona lile baka upande huu na upande ule. Na dada angekuwepo. Dada alikwisha kualika jiko zima la shule, wapishi na wapakuaji, waje kuushuhudia mgongo wake.

Alikwenda kumwambia. Aliziweka picha kwenye bahasha, akajisemea maneno njia nzima, akamkuta dada jikoni akikata vitunguu na kusimulia. Dada alisimulia gauni atakalovaa siku ya maonyesho, lenye mgongo wazi kiasi, ili watu walinganishe. Alisema unajua mdogo wangu, mimi sikusoma, wala sijasafiri, lakini nitakapokufa kitu changu kitabaki ukutani. Bi Masikio alilia. Dada akasema ni vitunguu, akampa fungu la kwenda nalo nyumbani. Alirudi na vitunguu na bahasha yake, haijafunguliwa.

Usiku huo alijiuliza maswali ya mtu mzima. Aendelee kunyamaza? Angenyamaza mpaka lini, na kwa faida ya nani? Alichogundua kilimuudhi: katika miaka yote ile, uongo ule ulikuwa umemnyima dada ukweli, umemnyima yeye uso, na aliyepata usingizi mnono ni shemeji peke yake. Asubuhi alipeleka picha maktaba. Alizitundika mwenyewe kwenye misumari aliyoachiwa.

Siku ya maonyesho watu walifurika. Waliingia wakatazama ukuta wa migongo, wakasifu mito na majua, wakageuka kutafuta soda, na kule wakakutana na ndoo ya buluu ikiwatazama. Kwanza kicheko kimoja, kisha vingi. Baadaye watu walianza kugeuza shingo huku na huku, baka hili, baka lile, kama watazamaji wa mpira wa meza. Shemeji alisimama katikati ya ukumbi akieneza mikono, akijaribu kuziba picha tatu kwa mwili mmoja. Alimwambia karani wa benki kwamba ni utani wa kifamilia. Karani wa benki alisema kumbe miaka yote hii amekuwa akifanya kazi chini ya mama wa paspoti, na akamsogelea Bi Masikio kumpa mkono.

Dada aliingia mwisho, gauni lake mgongoni wazi, jeshi la wapishi nyuma yake. Akaenda moja kwa moja kwenye "Subira", akaipa mgongo, akanyoosha kidole begani kwake kuwaonyesha wapishi. Wapishi hawakukitazama kidole. Walikuwa wanatazama ng'ambo. Dada akageuka.

Alivuka ukumbi polepole. Alikaribia picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu. Bi Masikio alikuwa amesimama kando, na angetoa meno yaliyobaki yote ili dada apige hata kelele.

"Hii ndoo si yangu?" dada aliuliza.

Ilikuwa yake. Ilipotea zamani, na kwa ajili yake hakusalimiana na jirani wa ukuta mmoja mpaka jirani akahama. Wapishi walicheka, watu wakacheka, shemeji naye akacheka kwa kujikomboa, akadhani yameisha. Dada hakucheka. Aliutazama ukuta wa migongo kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaurudia.

"Kwa hiyo mimi simo," alisema. "Popote."

Hilo alilisema chini chini, sauti ambayo hakuna mwanafunzi wa bweni aliyewahi kuisikia. Bi Masikio alimshika mkono. Alitaka kuomba radhi, na aliomba, maneno yakitoka yamepandana. Dada alimwacha amalize. Kisha akauliza kama kibanda kiko wazi.

Walitembea mpaka kibandani, shemeji akiwafuata kwa mbali. Dada alimfungia nje. Akaketi kwenye stuli, na kwa mazoea ya miaka ya kujisifu, aliketi amelitazama shuka, kamera ikiwa nyuma yake.

"Geuka, dada," Bi Masikio alisema.

"Nikigeuka nifanye uso gani?"

Bi Masikio alifungua kinywa. Maelfu ya watu walikaa kwenye stuli ile na hakuwahi kukosa la kuwaambia. Sasa alikosa. Akaitega kamera, akamwonyesha dada mahali pa kubonyeza, akatoka nje akasimama na shemeji kwenye jua, wote wawili wameinamisha vichwa kama watoto waliofukuzwa darasani. Kisha kamera ikalia mara moja.

Katika picha dada hakucheka wala hakununa. Alikuwa amesimama, stuli ameisukuma kando, mikono mikubwa ya jikoni imening'inia tu, haina kazi kwa mara ya kwanza, na macho yake yamekaza mbele kama anamngoja mtu amalize uongo wake. Masikio yote mawili yalionekana. Dada aliishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiye huyu," alisema, akamwomba mdogo wake aichapishe kubwa.

Jioni ile "Haya" ilishushwa sebuleni na dada mwenyewe, akiwa juu ya kiti, bila kumwita mtu amsaidie. Alitundika yake pale pale, ikiangaliana na mahali anapokaa mume wake kula. Bi Masikio alikuwepo na ndiye aliyesimulia. Anasema shemeji alikula akitazama sahani. Akainua macho, akayashusha. Akayainua tena, na safari hii hayakushuka. Aliacha chakula kikapoa, akaitazama picha, akamtazama mke wake, akanyanyuka akaleta karatasi na penseli, akavuta kiti mbele yake. Akamwomba, kwa sauti ndogo sana, akae hivyo hivyo alivyo, anataka kumchora.

"Ngoja nimalize kula," dada alisema, akajiongezea chakula.